Mzee Flavian Mwanakulya na Laptopu Iliyorudishwa Nyuma

Leo, tarehe 30 Juni 2009, Mzee Flavian Mwanakulya anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Kija Mayunga, mpiga chapa wa Kituo cha Vitabu vya Nukta Nundu, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Nimeagizwa nitaje elimu, kazi na mafanikio, na nisiwachoshe wageni. Nitajitahidi. Ila kuna lile jambo la laptopu, ambalo kila mtu hapa Sumbawanga analisimulia kivyake. Kwa kuwa mimi nilikuwepo, nitalieleza, ingawa nakiri mapema kwamba hadi leo sijalielewa lote.

Mzee Flavian alizaliwa kijijini Kate mwaka 1949, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na ulezi. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Mapadri walimpeleka shule ya wasioona, mbali na kwao, akajifunza nukta nundu, yaani yale maandishi ya vidoti yanayosomwa kwa vidole. Mwezi Machi mwaka 1977 akaajiriwa hapa mjini kuwa mpokeaji simu katika ofisi ya serikali, akakalia swichibodi kwa miaka ishirini na sita bila kuchanganya laini hata moja. Hilo la laini amelisema yeye mwenyewe, sikupata wa kulipinga.

Waliofanya naye kazi enzi hizo wanasema alimjua kila mtu kwa viatu. Ukiingia mlangoni, kabla hujafungua mdomo, ameshakuita jina. Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa, mitumba ikamwagwa sokoni. Watu waliovaa jozi moja miaka sita wakaanza kubadilisha viatu kila mwezi, na wengine wakawa wanauziana palepale ofisini. Kwa karibu nusu mwaka Mzee alimwita mhasibu jina la dereva, na dereva jina la afisa utumishi. Alivurugikiwa kabisa. Mwishowe aliachana na viatu akahamia kwenye vikohozi, ambavyo anasema havipatikani mnadani.

Simu za mkononi zilipofika, kila afisa akawa na yake mfukoni, na swichibodi ikabaki ya kuwekea vikombe vya chai. Wengi walidhani Mzee atafunga virago arudi Kate. Badala yake, mwaka 2003, akiwa na miaka hamsini na minne, alikwenda Dar es Salaam kwa kozi ya miezi mitatu akarudi na kompyuta inayoongea, akahamishiwa kituoni kwetu. Kila kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta ile, programu ya sauti ilimsomea. Alichapa, akasikiliza, akasahihisha, kisha printa yetu kubwa ikagonga vidoti kwenye karatasi ngumu. Sauti yenyewe ilisoma Kiswahili kama padri mgeni aliyeshuka misheni ya Chala jana, tena anakimbilia misa ya pili. Mimi sikuambulia neno. Mzee alielewa kila kitu, na kwa njia hiyo ametoa vitabu mia mbili na kumi na saba kwa wanafunzi wasioona wa mkoa huu.

Novemba mwaka jana radi ikaipiga ile kompyuta. Najua wageni wakisikia Sumbawanga na radi kwenye sentensi moja huwaza uchawi, wakaanza kutazamana. Ilikuwa radi ya kawaida, ya mawinguni, na ilipiga pia redio ya jirani ambaye hana ugomvi na mtu.

Mkuu wetu wa kituo, Mama Bertilla, alihangaika kila ofisi mpaka akapata nyingine. Tarehe 13 Januari ikaletwa laptopu mpya, bado ina karatasi ya nailoni, na ndani yake mfumo wa toleo jipya kabisa ambao mkoani hapa hatukuwa tumewahi kuuona. Ilifanyika hafla fupi yenye soda. Mama Bertilla alisema amekataa kumpa mtumishi wa miaka thelathini kitu kilichopitwa na wakati. Mzee alisimama, akaipapasa pembe zote nne, akashukuru kwa maneno mazuri, nasi tukapiga makofi.

Baada ya hapo hakikutoka kitu. Kila asubuhi nilimkuta Mzee ameifungua laptopu, mikono juu ya kibodi, uso umetulia, na printa kimya. Nilimsabahi shikamoo, naye akanijibu na kuongeza mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kunitania mimi Msukuma, kama kawaida yake. Wiki ya kwanza nikasema anaizoea. Wiki ya pili nikasema labda anaumwa. Wiki ya tatu watu wakaanza kusema Mzee amezeeka na kompyuta za kisasa zimempita kushoto, nami nikabaki katikati, sijui nisadiki lipi.

Ndipo Mama Bertilla aliponiita, akafunga mlango, akanipa barua ya kuchapa. Ilikuwa ya kwenda makao makuu, nakala kwa mhusika. Ilisema kwamba Bwana F. Mwanakulya ameshindwa kumudu teknolojia ya kisasa, na inapendekezwa apumzishwe mara moja na kazi yake ihamishiwe Mbeya. Angeitia saini Jumatatu tarehe 9 Februari. Mama si mtu mbaya. Wanafunzi wa darasa la saba wasioona walikuwa hawajapata ukurasa mmoja tangu mvua zianze, na walimu wao walikuwa wakimpigia simu kila siku. Lakini mimi nilichapa huku herufi zikinikimbia, kwa sababu miezi minne na ushei kabla ya kustaafu kwa heshima, mtu alikuwa anafukuzwa kwa jina la kupumzishwa.

Nimekula kiapo cha kutunza siri za ofisi, na ninachokiri hapa Mama Bertilla amekisoma na kukiruhusu. Ijumaa ya kabla ya Jumatatu hiyo, nilipomwamkia Mzee, aliniuliza nimefiwa na nani. Sauti ilikuwa imenisaliti. Nikamwambia yote.

Aliifunga laptopu. Kisha akaniambia kwamba laptopu ile haijawahi kumsemesha hata siku moja. Ile programu ya sauti ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani, na katika mfumo mpya inagoma. Kwa maneno mengine, kwa wiki tatu na ushei tulikuwa tumemkalisha mtu asiyeona mbele ya kitu bubu, tukimshangaa kwa nini hafanyi kazi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba kitu ulichopewa kwa makofi hukirudishi mbele ya mikono ileile, na kwamba alikuwa anatafuta njia ya kukitengeneza kimyakimya ili Mama asifedheheke. Nilikasirika, nasema ukweli. Adabu ya namna hiyo siku moja itatumaliza.

Njia alikuwa ameshaipata. Alimpigia simu Enock, fundi wa kompyuta wa Mbeya aliyewahi kusoma naye kozi, akaambiwa inaruhusiwa na inawezekana kuutoa mfumo mpya na kuuweka wa zamani. CD ya ule mfumo wa zamani alikuwa nayo, na ya programu ya sauti pia. Kilichokosekana ni macho, kwa sababu wakati kazi hiyo inafanyika kompyuta haisemi lolote. Akaniomba nije Jumamosi.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Mimi kwetu Mpui nimekulia kwenye ng'ombe, na sijawahi kuona mtu akipewa ndama akaomba arudishiwe ng'ombe mzee. Nilimuuliza Mzee mara tatu kama ana uhakika kwamba kurudi nyuma ndiko kwenda mbele. Akacheka akasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwamba yeye kidonda hicho amekiuguza vya kutosha.

Jumamosi asubuhi Sebastiani, mlinzi wetu, alitufungulia mlango. Mzee akaweka CD, mimi nikakaa kando kumsomea. Kioo kikawa cha buluu na maandishi meupe ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuandikia barua tu. Kwa hiyo nilimsomea nilivyoweza, na neno lililonishinda nikamtajia herufi moja moja. Mwenye macho haelewi, anayeelewa hana macho. Sebastiani alisimama mlangoni akitusikiliza, akaondoka bila kuaga.

Kwanza kompyuta ilidai haina diski yoyote ndani, wakati ilikuwa imewaka mbele yetu. Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia. Mzee akampigia Enock, ambaye alisema mfumo wa zamani hauijui diski ya aina mpya, na kwamba tuizime, tuiwashe huku tumebonyeza kitufe fulani, tukabadilishe neno moja kwenye mipangilio ya ndani. Tulilibadilisha. Diski ikaonekana. Naomba msiniulize ilikuwa wapi.

Halafu likaja swali la kufuta. Nilimsomea kwamba tukikubali, kila kilichomo kitapotea na hakitarudi. Mzee akataka nilisome tena, nikalisoma. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe. Akauondoa taratibu akabonyeza mwenyewe, akasema wakija kuuliza, kidole kilikuwa chake.

Tulikaa karibu saa nzima tukila karanga. Kazi ilipoisha, kioo kikaonyesha picha ya kilima cha kijani na anga ya buluu, nami nikamwelezea kwamba inafanana na kule kwetu Mpui mwezi kama ule wa Februari. Akaweka ile programu ya sauti. Tukasubiri. Kimya. Nilitamani kulia. Kumbe spika za laptopu nazo zilihitaji programu yao ndogo ya kuendana na mfumo wa zamani. Enock alitutajia jina lake, nikakimbia duka la intaneti mjini, nikasubiri mtandao uliokuwa unajikokota, nikarudi na flashi saa tisa mchana. Mzee akaichomeka, nikasoma, akabonyeza. Yule padri mgeni akaanza kuongea, haraka haraka, kama hajawahi kuondoka. Mzee alilaza viganja vyote viwili mezani akainamisha kichwa. Nilitoka nje nikamwacha naye.

Jumatatu asubuhi Mama Bertilla aliingia na barua mkononi, akaona kile kilima cha kijani. Alikitambua, kwani kilikuwa kwenye ile kompyuta iliyopigwa na radi. Akauliza ni nani aliyeizeesha laptopu yake. Watu wakajaa mlangoni, na nyuma yao nikasikia mtu akisema imerogwa. Mzee alisimama, akamsalimia Mama, akasema amesikia kuna barua yake na angependa kuipokea kwanza.

Mama akampa. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Mzee aliigeuza upande huu na ule, akasema kwa upole kwamba haina kitu cha kushika. Akaniomba nimletee barua hiyo kwenye flashi. Nilimtazama Mama, naye akaitikia kwa kichwa. Nadhani naye alikuwa amechanganyikiwa kama sisi wote. Mzee akaifungua, akapunguza mwendo wa ile sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaielewa. Laptopu ikasoma, neno kwa neno, mbele ya kituo kizima, kwamba Bwana F. Mwanakulya ameshindwa kumudu teknolojia ya kisasa.

Hakuna aliyecheka. Mama Bertilla alivuta kiti akakaa. Akamuuliza kwa nini muda wote huo hakumwambia kwamba laptopu haisemi. Mzee akajibu kwamba hakuulizwa. Mama akaichukua karatasi yake akaichana vipande, na kabla ya chai printa ilikuwa inagonga hata kuta zinatikisika. Kufikia Pasaka kila mwanafunzi wa darasa la saba asiyeona, Chala hadi Mpui, alikuwa na vitabu vyake. Sebastiani hadi leo anaamini Mzee ana uwezo wa kurudisha umri wa vitu, na amemwomba mara mbili amrejeshee goti lake toleo la mwaka 1980.

Barua ya kustaafu ingepaswa kupita kwangu, kwa kuwa kwa miaka tisa hakuna barua iliyotoka ofisini humu bila mimi kuichapa. Wiki iliyopita Mama Bertilla aliniambia hii niiache. Tangu Machi amekuwa akijifunza nukta nundu kwa kibao na msumari wa kutobolea vidoti, na nilimwona mlangoni akitoboa, akikosea, akitupa karatasi, akianza upya. Jana alimkabidhi Mzee barua hiyo mezani pake. Mzee alipitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasimama. Akarudi mwanzo akasoma tena polepole. Alivua miwani yake myeusi akaipangusa, kisha akaiweka barua katikati ya mbao mbili ili vidoti visilale.

Mimi niliona karatasi nyeupe yenye vipele. Nilimuuliza imeandikwa nini. Akaniambia nijifunze kusoma.

Mzee Flavian, kituo chote kinakushukuru, na wanafunzi wako wanakushukuru kwa vidole kumi. Tunakuombea wewe na mkeo, Mama Rozina, maisha marefu yenye utulivu huko Kate, na ghala lisilokaukiwa ulezi. Ukitukumbuka, tuandikie kwa nukta nundu. Tutachelewa kujibu, lakini tutasoma wenyewe.