Maître Clotilde na tangi lililo chini ya lava

Mheshimiwa Juji uliyetuheshimu kwa kuja, wakubwa wa baraza la waavoka, Papa Anastase jirani yetu, mama na papa wote mliofika, na wewe Maître Clotilde Nshobole unayestaafu leo kazi ya kutetea watu mahakamani: mimi Mahoro ninawasalimu kwa heshima, na naomba mnisamehe nikitazama karatasi tu. Darasani ninasoma Kifaransa bila kutetemeka, kwa sababu maneno yale si yangu. Haya ya leo ni yangu.

Lava ya volkano ilipita juu ya viwanja viwili, parsele yetu na ya Papa Anastase, ikafunika nyumba, ikafunika na mpaka. Tulipotaka kujenga tena, yeye akasema mpaka uko huku, mama akasema uko kule, basi tukafika tribinali, mbele ya juji. Tulikuwa na tegemeo moja: fundi Harelimana alikumbuka pale ambapo marehemu baba alijenga tangi la maji, ndani ya mpaka wetu. Likipatikana, tunajenga. Likikosekana, tunabaki wapangaji.

Mama alitaka tunyamaze mpaka siku ya kusikilizwa. Kumbe Maître, wewe avoka wetu, ulikwisha kumwandikia avoka wa upande ule kila kitu: jina la fundi, habari ya tangi, hata mahali tutakapoomba juji aje kuchimbisha. Mnadhani mama alishukuru?

"Maître, umetuuzisha kwa Anastase."

"Mama Mahoro, kaa kwanza."

"Nikae ya nini? Si ataenda kulivunja tangi?"

"Sheria inataka kila upande uone vitu vya mwenzake mbele ya kusikilizwa. Na wewe, yeye angekuficha vyake, ungefurahi?"

"Yeye si mimi."

"Ni kweli. Lakini juji wenu ni mmoja."

Ninaungama: mimi nilikuwa upande wa mama. Njia yote ya kurudi kutoka ofisi yako ya Himbi tulikusema vibaya, na mimi ambaye siongeagi, siku ile niliongea.

Halafu asubuhi moja Papa Anastase akapiga hodi, nyundo mkononi. Ile barua ilimfanya amuulize mama yake mzee, naye akamjibu kwamba alichota maji kwenye tangi hilo miaka mingi, akipitia mlango wa uzio wetu.

"Mama Mahoro, wakati ule nilikuwa ninaishi Masisi, sikujua. Twende tuvunje mawe."

"Sasa mbona hukumuuliza mamako tangu zamani?"

"Kuna mutu aliniambia kuna tangi?"

Mama akafunga kitenge, akatoka naye. Wakavunja mawe pamoja, tangi likaonekana, waavoka wawili wakaandika mapatano, juji akayakubali.

Maître, tungemshinda kwa kumshitukiza, tungepata parsele na kupoteza jirani. Leo amekaa karibu na mama, wanacheka pamoja viatu vyangu, ninawasikia.

Mama amenikataza kusema kitu kimoja mbele ya watu kabla sijafaulu Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari. Lakini kwako nimejifunza kutoficha: nataka kuwa avoka. Na upande wa pili wa kesi zangu, popote ulipo, utapata barua yangu mapema.

Nashukuru, mmenivumilia mpaka mwisho wa karatasi.