Picha Mbili za Mzee Tulia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mpiga picha na mtunza maabara wa shule yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Wanafunzi tunamwita Mzee Tulia, maana ndiyo amri aliyotupa kila alipoinua kamera.

Katika klabu ya picha alitufundisha kwamba mwendo wa shata ni muda ambao kamera inafumbua jicho. Ukumbini, penye mwanga hafifu, jicho hukaa wazi zaidi: Mzee alijibana kwenye nguzo, akazuia pumzi, na ole wako upige chafya. Uwanjani, juani, mkimbiaji hukamatwa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwalimu mkuu aliwahi kutikisa kichwa akipigwa picha ukumbini, akatoka na pua mbili. Mzee akamwambia, "Mkuu, pua ya ziada ni yako, si ya kamera."

Tungependa kuishia kwenye kicheko hicho, lakini Mzee ametukataza. "Msipoandika habari za zile mbio, msiniandike kabisa," alisema.

Mwaka jana, baada ya mchujo wa timu ya riadha, alibandika ubaoni picha safi ajabu. Hata matone ya jasho yalionekana. Dada mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amemtia mwenzake kiwiko kifuani. Tulimzomea bwaloni: "Msukumaji huyo, mpisheni!" Mwalimu wa michezo akamwondoa kikosini.

Mzee alikuwa na picha nyingine, iliyotangulia kidogo. Siku ile alitoka ukumbini akasahau kubadili mwendo wa shata hadi alipokwisha kuipiga hii, hivyo ilitoka nyeupe kama maziwa, wakimbiaji wamevutika kama ute. Hata hivyo ilionekana: jezi ya yule dada imevutwa nyuma, mwenzake ameikamata kwa ngumi. Kiwiko kilikuwa cha kujinasua. Mzee aliifungia kabatini. Aliona haya kukutwa na kosa analotukaripia sisi kila wiki.

Alipopata moyo wa kuitoa, basi la timu lilikuwa limeshaondoka kwenda mashindanoni, na yule dada amebaki bwenini.

Jumatatu iliyofuata aliiinua mbele ya shule nzima. "Hii nimeiharibu mwenyewe, ndiyo maana niliificha," alisema. "Heri ningeaibika mimi." Waliokuwa mbele walianza kucheka, kisha wakaiona ile ngumi. Yule dada hakuitazama picha. Alitutazama sisi. Hakuna aliyemwendea kumwomba radhi. Kila mtu alimngoja mwenzake aanze.

Mzee wetu, asante kwa picha zote, na zaidi kwa ile mbovu. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana na wajukuu wengi wa kukusumbua.

Na wewe, dada yetu, ambaye sasa uko kidato cha nne na bado unakula peke yako mwisho wa meza: Mzee alichelewa siku chache, sisi tumechelewa mwaka mzima. Tusamehe.