Norbert Gwizdala na Gari Lililokuwa Likiuzwa

Padre, Lorraine na watoto, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa upande wa kusini wa mji, na nyinyi kina baba wa magari mliojibanza kule nyuma na majaketi yenu ya klabu, familia imenituma mimi Irene, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ikanisihi nisitie chumvi, nami nimewaahidi kwamba kwa Norbert sitahitaji.

Norbert Casimir Gwizdala alizaliwa nyumbani tarehe 11 Machi 1948, upande wa kusini wa Bay City, Michigan, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Casimir na Helen Gwizdala, baba akiwa mpakuaji wa makaa bandarini na mama akifua nguo za watu, na inasimuliwa kwamba alizaliwa wakati wa tufani ya theluji, mkunga akachelewa, na yeye akaamua kutomsubiri, jambo ambalo wote tuliomfahamu baadaye tunaona gumu kuliamini, kwa maana hatukupata kumwona akiharakishwa na kitu chochote tena.

Alianza masomo mwaka 1954 katika shule ya parokia, mikononi mwa masista, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, kisha akaingia sekondari, akahitimu Juni 1966 akiwa na alama za kawaida katika kila somo isipokuwa karakana, ambako mwalimu alimwachia funguo na kwenda zake kuvuta sigara. Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha na kusubu chuma kule Saginaw, akaitwa jeshini mwaka 1968, akatumikia miaka miwili Ujerumani akitengeneza malori, akarudi kiwandani mwaka 1970, na hapo alidumu hadi alipostaafu Novemba 2001, akiwa na saa ya ukutani, cheti, na kikohozi ambacho hakikumwacha.

Tarehe 26 Juni 1971 alifunga ndoa na Lorraine Nowak katika kanisa hilihili, wakacheza polka hadi mpiga kinanda akaomba msamaha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Denise aliyezaliwa 1973, ambaye sasa anaishi Tucson, Arizona, na Paul aliyezaliwa 1976, aliyepo Grand Rapids, pamoja na wajukuu watano. Alikuwa mume mwaminifu, hakulewa ila siku za kulewa, hakumwinulia mke mkono, alipalilia kabichi, alisafisha theluji ya wajane wa mtaa mzima bila kuombwa, na haya nayasema mapema ili mtakaposikia yanayofuata mjue nampenda.

Mwaka 1989, kwenye banda la mkulima mmoja karibu na Pinconning, aliliona gari aina ya Pontiac GTO la mwaka 1968, lenye kuku ndani na mti umeota palipokuwa na bonneti, akalileta nyumbani kwa trela, na Lorraine aliposimama mlangoni na kumwuliza, "Norb, umeniletea nini hiki?" alimjibu, "Pensheni yetu, mama, subiri uone." Kwa miaka kumi na mitano alilifufua, akakata kutu, akapiga bati, akalipaka upya rangi yake ya kijani, na kwa kuwa hakuweza kuacha kitu kikae kama kilivyo, mwaka 1996 aliing'oa injini yake ya asili, akaweka kubwa zaidi kutoka gari jingine la Pontiac, akaongeza giabox ya gia tano, breki za diski na kiyoyozi, likawa gari ambalo likiwashwa vikombe vilitembea kabatini. Bloku ya injini ya zamani, ile yenye nambari ya gari iliyogongwa kiwandani, alimpa kaka yetu Clarence, naye akaifunga mnyororo akaizamisha kwenye ghuba iwe nanga ya mashua yake ya uvuvi, kama wanavyofanya nusu ya wanaume wa hapa, na wote wawili wakaona wamepata akili.

Mwaka 2004, gari lilipokamilika, Lorraine alikuwa tayari ameshikwa na baridi yabisi ya viungo, vidole vimejikunja, na daktari akamwambia waziwazi kwamba majira ya baridi ya Michigan yatammaliza, wakati Denise huko Tucson, jangwani kusiko na theluji, alikuwa ameshajenga chumba cha chini chenye mlango mpana, kwa ajili yao. Norbert akasema, "Tukiuza gari tunahama," akaweka kibao cha KUUZA kwenye dirisha la nyuma, na kila Jumatano ya kiangazi akawa analipeleka kwenye uwanja wa duka la baga, wanakokutana wapenda magari, bonneti wazi, viti viwili vya kukunja nyuma ya bampa, yeye kwenye kimoja na mke wake kwenye kingine, blanketi magotini mwezi wa Julai.

Wanunuzi walikuja, jamani, tusimsingizie mtu. Waliokuja kutafuta gari la asili waliuliza kama nambari ya injini inalingana na ya gari, wakasikia iko chini ya maji, wakapanda magari yao, na waliokuja kutafuta gari la mbio walisema rangi na viti ni vya makumbusho, wakaondoka nao, naye akabaki katikati na gari ambalo kila mmoja aliona nusu yake ni kosa. Kiangazi cha mwaka 2007, mnyororo wa nanga ukiwa umeshakatika kwa kutu, yeye na Clarence walikokota kulabu kwenye tope la ghuba wikendi baada ya wikendi, wakainua mashine ya kufulia, kitanda cha chuma, na bloku tatu za injini, zote za watu wengine, na Lorraine akiwa ukingoni na chupa ya kahawa alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi ningependa kujua kama humo chini mna tiketi yangu."

Lakini ukweli lazima usemwe hata mbele ya jeneza, wapo pia waliolitaka lilivyo, na hao aliwafukuza yeye mwenyewe. Mmoja aliegemea mlango akiwa amevaa mkanda wenye bizimu ya chuma kiunoni, Norbert akamwambia, "Kaka, toa tumbo lako hapo," ikawa basi. Mwingine alikanyaga mafuta injini ikiwa bado baridi, akaambiwa ateremke. Wa tatu alisema ataligeuza rangi liwe jeusi, na huyo alipewa kisogo. Kila Oktoba kibao kilirudi gereji pamoja na gari, kwa sababu hapa hakuna mtu mwenye akili anayetoa gari kama hilo barabara zikishamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, ile inayokula bati, na Lorraine akawa anahesabu kwamba amefungiwa baridi nyingine, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa alikuwa hawezi kufungua hata kopo la supu.

Septemba 2019 alikuja bwana mmoja mpole kutoka Toledo, Wendell kwa jina, mikono nyuma muda wote, akalizunguka gari kama mtu aliye kanisani, akakubali kila kitu, wakapeana mikono, na Jumamosi iliyofuata akarudi na trela. Lorraine alikuwa ameshafunga vyombo vyote vya nyumba kwa magazeti, sahani za harusi zikiwa za kwanza. Gari lilipandishwa, magurudumu ya mbele yakafika juu, na Norbert, aliyekuwa amesimama kwenye nyasi na kofia mkononi, akasema, "Shusha."

Wendell akadhani hakusikia vizuri. "Mzee, unasema?"

"Nimesema shusha. Samahani, ndugu yangu. Shusha tu."

Lorraine hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliingia ndani, na kuanzia siku ile hakufungua hata sanduku moja la vyombo, mezani pakawa pa sahani za karatasi, Pasaka sahani za karatasi, mkesha wa Krismasi wote tumekaa kula pierogi, chakula chetu cha Kipolandi cha sikukuu, kwenye sahani za karatasi, na Norbert alipomwambia, "Toa basi vyombo, watu wanatucheka," alimjibu, "Sahani zangu zimeshahama, Norb. Mimi ndiye niliyebaki." Nilimwuliza kaka yangu siku moja pale gereji ni kitu gani kilimshika, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akaniambia, "Irene, miaka yote kule kiwandani nilimimina chuma kikaenda sijui wapi. Hiki ndicho kitu pekee nilichokimaliza. Kikiondoka, mimi ni nani kule Arizona? Mzee wa chumba cha chini." Nilikasirika naye, na nilimwelewa, na vyote viwili bado ninavyo leo.

Oktoba 2022 madaktari walisema mapafu yake yamekauka, akawekewa mtungi wa hewa, na mrija wake ulifika jikoni na msalani lakini gereji haukufika, na hapo ndipo alipotaka kuuza kwa kweli. Alimpigia Wendell, Wendell alikuwa ameshanunua jingine. Alipiga kwa wengine, na simu za baadhi yao zilipokewa na wajane wao, ambao nao walikuwa wakiuliza kama yeye ananunua magari ya marehemu. Wajukuu walikuja wakapiga picha, wakasema ni zuri sana, babu, wakaenda zao. Kutwa alikaa dirishani akitazama mlango wa gereji, naye alikuwa amefungwa kwa mrija na Lorraine amefungwa kwake, kwa sababu alipomwambia, "Nenda kwa Denise, niache, Irene yupo," mke wake alimwambia, "Nyamaza, unamaliza hewa."

Jumatatu tarehe 5 Februari 2024, akiwa kitandani sebuleni, alimwita mke wake akamshika vile vidole vyake, akasema, "Lorraine, nimekufungia hapa maisha yako." Naye akasema, "Najua, Norb. Kunywa maji." Alikunywa. Alifariki asubuhi iliyofuata, Jumanne, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mke wake akiwa kwenye kiti kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja nyumbani hadi mwisho na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa, inawashukuru wastaafu wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza ilhali mapafu yao wenyewe si ya kubebea, inawashukuru akina mama wa parokia kwa kuku na kabichi zinazotusubiri ukumbini, na inawashukuru wote mliofika jana jioni kwenye rozari, hata nyinyi watatu, mnajijua, mliomwuliza mjane kando ya jeneza kama injini ya asili imewahi kupatikana.

Na inamshukuru Roman Jezowski, wa mitaa mitatu kutoka kwa Norbert, fundi bomba, ambaye jana alimshika Lorraine mkono, akasema pole, akalia, akageuka kuondoka bila kutaja gari. Lorraine, kwa kutania tu, akamwita, "Roman, na wewe hulitaki?"

Akasimama. "Nani asilitake? Nimelitaka tangu siku ile ya kwanza. Lakini si halikuwa la kuuzwa?"

"Lilikuwa na kibao dirishani miaka ishirini!"

"Ah, kile kibao," Roman akasema, na wanaume waliokuwa nyuma yake wakawa wanatikisa vichwa kukubali, "kile sote tulijua ni utani wa Norb. Ningemwulizaje mtu vile? Nilikuwa napita Jumatano nalisikiliza, narudi kwangu."

"Na injini siyo yake. Umesikia?"

"Injini hiyohiyo ndiyo niliyokuwa nikija kuisikiliza."

Lorraine akacheka, kisha akatafuta kiti, akakaa, akanishika mkono wa gauni, akaniambia, "Mitaa mitatu, Irene," akalirudia hilo mara nyingi, mpaka kicheko kikaisha kikabaki kilio, nami sikuweza kumzuia, wala sikujaribu. Yeye na Roman walipeana mikono palepale, na Jumatatu atakuja na trela, kwa kuwa barabarani kuna chumvi.

Lorraine anaondoka Alhamisi kwenda kwa Denise, saa nne asubuhi, Paul atampeleka uwanja wa ndege, na anaomba msimletee chakula zaidi, wala msimwambie afikirie kwanza, wala asitokee mtu wa kumwuliza atarudi lini. Kaka yangu, tulikupenda na ulituchosha, na hakuna aliyebaki kukungoja wala wa kungojwa nawe. Lala, Norbert, upumzike kwa amani.