Tumbo la Ubaldo Lahamia Tabaka la Sita

Pale kona ya mtaa wa Rebolo, mjini Barranquilla, kuna kiti cha basi kinachotosha watu watatu wa kawaida, au wawili wa aina ya Nilson. Ubaldo, fundi wa kushona viti vya magari, alikitoa kwenye basi bovu, akakivisha ngozi bandia nyekundu na kukiweka nje ya karakana yake, na tangu siku hiyo hakijawahi kukaa mchana mzima bila makalio ya mtu. Alhamisi ile upepo wa Februari ulikuwa unakimbiza vumbi na kofia za watu, na katika kila uchochoro alisikika mtu akijaribu ngoma yake, maana kanivali ilikuwa keshokutwa. Bi Edilma alikuwa ameshafika na kikapu chake: chupa nne kubwa za chai zilizojaa kahawa nyeusi yenye sukari ya kutosha kuamsha maiti, na chupa ya tano, ndogo, ya bluu, ambayo ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo, Ubaldo mwenyewe, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkono tumboni. Ubaldo hakuwa ametoka nje tangu Jumamosi.

— Kumbe uko hai! — Nilson alipaza sauti akiwa bado ng'ambo ya barabara. Nilson ni mpiga ngoma wa kundi lao la kanivali linalocheza ngoma ya Kongo, na koo lake halina kitufe cha kupunguza. Mtaa mzima humwita Redio.

— Nipo. Kaa taratibu, usinitikise.

— Nimetumwa, kaka.

— Najua umetumwa.

— Kundi linataka jibu leo kabla ya giza. Kilemba unakivaa wewe, au tumpe binamu yako Heriberto?

Ubaldo aligeuka kutazama mlango wa karakana. Kilemba chenyewe kilikuwa ndani, juu ya kabati, kirefu kama mtoto wa miaka mitano, kimejaa maua ya karatasi, na mkia wake wa riboni unafika visiginoni. Baba yake alikivaa miaka thelathini akicheza mbele ya kundi, kisha akamwachia yeye. Mwaka jana, katikati ya maandamano, chini ya jua, mbele ya watu wote wanaomfahamu na wengine wasiomfahamu, Ubaldo alianguka. Walimtoa kwa mkokoteni wa muuza bia, Heriberto akiukimbilia kwa nyuma na kilemba mikononi. Aibu ile bado ilimchoma. Ndiyo iliyompeleka mwishowe, mnamo Novemba, kwa daktari, na daktari, msichana mdogo mwenye miwani, alimwambia bila kupepesa macho: sukari inapanda, uzito umezidi, acha vya kukaanga au uache kucheza.

Basi akaacha vya kukaanga. Yeye, Ubaldo, aliyekuwa akifungua kinywa kila asubuhi kwa arepa tatu za yai, vile vitumbua vya mahindi vya kukaanga, zinazochuruzika mafuta! Wiki kumi na moja alikula mbaazi, samaki wa kuchemsha na papai, akatembea mpaka mtoni na kurudi kabla ya kufungua karakana. Mtaa ulimtazama kwanza kwa kicheko, baadaye kwa heshima. Mkanda wake wa suruali alikuwa ameutoboa matundu manne mapya kwa sindano yake ya kushonea viti, na ncha iliyobaki ilining'inia mpaka pajani. Wanaume walikuwa wanakuja kuishika ile ncha kwa mikono yao, wakitikisa vichwa.

— Mpe muda anywe kahawa kwanza, — Bi Edilma alisema, akimimina kutoka chupa ya bluu, ile isiyo na sukari. — Mtu ametoka kitandani leo.

— Muda ndio hatuna, mama. Na mimi nitasema ukweli, maana nampenda. Haya ya kula kama sungura yamemharibu. Jumamosi sote tulikula chuzo lile lile la mishkaki na sosi, sahani zile zile, kwa mama yule yule. Nani kaugua? Yeye peke yake! Mimi nilikula sahani mbili, na nipo.

— Uko, tena kote kote, — Bi Edilma alisema, akimsogeza kwa kiwiko apate nafasi ya kikapu.

— Cheka tu. Mafuta mwilini ni kama mafuta kwenye injini. Umeyamwaga, unategemea nini? Ubaldo, leo kula supu ya utumbo, kesho nyama ya nguruwe ya kukaanga, Jumamosi utaruka kama mbuzi.

Hapo akatokea Wilfrido, ambaye wanamwita Profesa. Hajawahi kufundisha mtu. Alikuwa mlinzi wa geti la shule kwa miaka ishirini, na anadai elimu yote iliyoingia pale ilipitia kwanza mkononi mwake. Alisimama mbali kidogo na kiti, hakumtazama Ubaldo usoni.

— Redio, unazungumza usichokijua, — alisema. — Suala hili nimelichunguza. Tumboni kuna wafanyakazi. Wapo wa mahindi, wapo wa samaki, na wapo wa mafuta, wale wenye misuli. Sasa Ubaldo amekaa wiki kumi na moja hajawapa kazi wale wa mafuta. Wamefanyaje? Wameondoka! Jumamosi mzigo umefika getini, hakuna wa kuupokea.

— Wameondoka kwenda wapi? — Bi Edilma aliuliza.

— Kwa Nilson. Huko kazi haikatiki.

Hata Ubaldo alicheka, kisha akajishika tumbo.

— Nyie mnacheza, — Bi Edilma alisema. — Huyu ana chakula kilichoganda. Kimenata kwenye ukuta wa tumbo, hakipandi hakishuki. Bibi yangu alikuwa anakitoa kwa dakika moja: unalala kifudifudi, anakupaka mafuta, anaivuta ngozi ya mgongo mpaka ilie ka! Nilson, geuka niwaonyeshe.

— Usiniguse, mama!

— Geuka wewe!

Aliinyanyua fulana ya Nilson palepale barabarani, akakamata nyama ya mgongo na kuvuta. Haikulia. Aliyelia ni Nilson, na mbwa wawili walimjibu.

— Na kama si hicho, ni kijicho, — Bi Edilma aliendelea, akijifuta mikono. — Mtu unapungua, unapendeza, unatembea na mkanda unaning'inia kila mtu auone. Watu wana macho. Funga uzi mwekundu mkononi.

— Kijicho hakitoki kwenye sosi, — Profesa alisema. Alikuwa ameanza kutembea huku na huku kama mtu mwenye kesi mahakamani. — Mmekaribia, lakini sikilizeni. Bili ya umeme ya Ubaldo inasema tabaka la ngapi?

— La pili, — Nilson alisema. Mjini pale bili huandikwa tabaka la nyumba, kuanzia la kwanza la maskini hadi la sita la matajiri. — Kama sisi sote.

— La nyumba, la pili. Sasa fikirieni! Papai asubuhi, samaki wa mvuke, kutembea kwa starehe mtoni, kahawa bila sukari. Nani anaishi hivyo? Wale wa kule juu, wenye lifti na mabwawa ya kuogelea. Tumbo la Ubaldo limehama, jamani! Limefungasha, limehamia tabaka la sita, wakati Ubaldo mwenyewe bado yuko nasi hapa. Jumamosi tulipoliletea chuzo la Rebolo, halikuugua. Lilitudharau!

Nilson alicheka mpaka akapiga ngumi kiti. Bi Edilma alimwaga kahawa kidogo chini. Ubaldo naye alicheka, lakini alikuwa anamtazama Profesa, na alimwelewa. Zile nadharia zilikuwa zinakimbia kitu.

Maana chuzo lile lilikuwa zawadi. Jumamosi iliyopita, kwenye zoezi la mwisho, Ubaldo alicheza saa mbili na kilemba kichwani bila kusimama, na kundi zima liliona. Profesa alipanda juu ya kreti akatoa hotuba kuhusu mwanaume aliyekishinda kinywa chake, sauti ikamkatika katikati, akalia waziwazi. Kisha wakamletea Ubaldo tuzo yake: sahani pana kama usukani wa basi, mishkaki iliyochomolewa vijiti, soseji, chipsi nyembamba, jibini, na sosi za rangi nne juu yake. Watu arobaini walimzunguka wakipiga makofi kwa mdundo, kila kijiko. Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro katika kumpongeza mtu kwa kuacha kitu kwa kumlisha kitu hicho hicho. Angewakatalia vipi? Na vijiko vitatu vya kwanza, aseme ukweli, vilikuwa vitamu ajabu. Vya baadaye alivimeza kwa ajili yao.

— Profesa, — alisema. — Kaa.

— Nipo sawa nikisimama.

— Kaa, nimesema. Sikulaumu.

Profesa alikaa. Alikunja kofia yake magotini.

— Ni mimi niliyeagiza ile sahani, — alisema polepole. — Nilisema iwe kubwa kuliko zote. Nilikuwa najivunia wewe, kaka, sikujua nifanye nini na ile furaha. Ukikosa kucheza Jumamosi sitaweza kukaa tena kwenye kiti hiki.

Ubaldo alitaka kumwambia kwamba atacheza, lakini hakuwa na hakika. Usiku ule wa Jumamosi moyo ulimwenda mbio, kifua kikawaka, jasho likamtoka, na alijiambia kwamba mwili wake umekuwa dhaifu, kwamba wiki kumi na moja zimemfanya mtu wa kioo. Labda Redio alisema kweli. Labda bora supu ya utumbo na zamani ile.

Wakati huo alikuja Bi Consuelo. Alikuwa mpangaji mpya wa nyumba ya kona, ana wiki tatu tu tangu ashuke kutoka Tunja, kule milimani kwenye baridi, na bado alikuwa anawaamkia watu kana kwamba yuko ofisini.

— Habari za alasiri, waheshimiwa. Naomba kikombe kimoja, Bi Edilma, tafadhali. Bwana Ubaldo, nasikia ulikuwa huna afya. Pole sana.

— Asante, bibi. Ni chuzo tu.

— Sote tulikula, — Nilson alimwarifu. — Yeye pekee ndiye aliyeumwa. Sisi wengine salama salimini.

— Tumshukuru Mungu. Kwa hiyo nyinyi mlilala vizuri usiku ule?

— Vizuri sana! Mimi nililala kwenye kiti changu cha kubembea kama mfalme.

— Kwa nini kwenye kiti?

— Si nikilala chali kifua kinawaka, bibi. Kiungulia tu. Hicho si ugonjwa. Miaka tisa sasa nalala nimekaa.

— Na wewe, bwana?

Profesa alitoa mfukoni pakiti ya unga wa dawa, ule wa kutia kwenye maji ukatoa povu.

— Mimi ninakunywa huu baada ya chakula, kisha ninalala kama mtoto.

— Kila chakula?

— Ndiyo. Ni kama chumvi tu, mtu humalizia nao mlo.

Bi Consuelo alizungusha kikombe chake. Hakuwa anawakejeli, alitaka kujua tu.

— Samahani, mimi ni mgeni. Lakini ni lini mara ya mwisho mlikula mkashiba, mkalala kitandani bila dawa, mkaamka mkiwa wazima?

Nilson alianza kuhesabu vidole, akafika kidole cha nne, akarudi mwanzo. Profesa alitazama ile pakiti kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake. Upepo ulipita na kofia ya mtu, hakuna aliyeikimbilia.

Ubaldo ndiye aliyejibu, na hakuwa anamjibu Bi Consuelo.

— Usiku wa Jumamosi, — alisema, — nilidhani nakufa. Kumbe nakumbuka sasa. Kile kifua, lile jasho, ule moyo. Nilikuwa hivyo kila usiku, miaka ishirini. Nilikuwa nauita uchovu wa kazi. — Alitazama mikono yake. — Sikudhoofika, jamani. Nilikuwa nimesahau tu inavyouma.

Aliinuka. Tumbo lilikuwa bado zito kidogo, lakini miguu ilimshika. Aliuvuta mkanda mpaka tundu la nne.

— Redio, kamwambie Heriberto atafute kilemba chake. Changu nakivaa mwenyewe, mpaka mwisho wa barabara. Na supu ya utumbo kunywa wewe.

Profesa alifunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika. Nilson alitazama kikombe chake cha kahawa ya sukari, akakimwaga ukingoni mwa barabara, na kumnyooshea Bi Edilma.

— Nipe ile ya bluu.

— Ya Ubaldo?

— Hiyo hiyo. Na Profesa mpe.

Bi Edilma aliwamiminia, na Bi Consuelo naye akaomba kidogo. Ubaldo aliponyoosha kikombe chake aongezwe, chupa ya bluu ilitoa matone mawili tu. Wiki kumi na moja Bi Edilma alikuwa anairudisha nyumbani ikiwa nusu.

— Imekwisha, — Bi Edilma alisema, na alikuwa anatabasamu.

— Chungu kama dawa ya minyoo! — Profesa alilalama, machozi bado mashavuni.

— Meza, Profesa, — Nilson alisema, uso umemkunjamana. — Tunahama.