Gari Lisilopiga Hodi

Ndugu zangu, wanaotoa ushuhuda husimama. Mie mtanivumilia nikae, miguu yangu niliiacha chini ya ukuta ulioniangukia kule Gongo la Mboto.

Baada ya ajali nilikuwaga natambaa. Hata ndoo ya maji mpaka nimsubiri mtu anihurumie, na huruma za watu zina siku zake. Nikakasirika. Zamani nilikuwa fundi simu, basi nikaunda gari dogo lisilo na dereva: magurudumu ya baiskeli ya mtoto, mota za waipa za kufutia kioo cha gari, betri ya pikipiki. Nalituma kwa simu nimekaa mlangoni. Likaenda bombani, muuza maji akajaza ndoo, likarudi. Nililia, nawaambia.

Siku moja nikaifunika ndoo kipande cha kaniki, vumbi lisiingie. Kwenye kona gari likakosea njia, likaingia uani kwa jirani. Yule mama alikuwa amemzika mwanawe juzi tu. Akaona kitu cheusi kinamjia, hakina mtu, hakisemi. Akapiga yowe, "Mchawi!"

Jamani, kundi halina masikio. Walilipondaponda kwa mchi na matofali, halafu mtu akasema ni la yule kiwete. Wakanitoa ndani kwa nywele. Mateke ya mbavu nilipigwa na watu ninaowaamkia shikamoo kila asubuhi. Jirani mwenyewe ndiye aliyenivunja mkono, kwa mchi uleule. Nikamwagiwa petroli, ikaniingia machoni. Walikuwa wanatafuta kiberiti pale muuza maji alipofika anakimbia, akanilalia juu, mateke yakamwangukia yeye, huku akiapa kuwa ndoo ile kaijaza kwa mkono wake, mpaka wakatuacha.

Hospitali sikusali, ndugu zangu. Nilipanga kuunda jingine, nilifunge nondo mbele, likawavunje miguu.

Jirani akaja na uji. Nikaumwaga sakafuni. Akaufuta kwa khanga yake, hakuondoka. Akasema, "Mwanangu, hata mvua hupiga bati kwanza. Lile lako liliingia kimya. Lingepiga hodi, ningelipisha lipite."

Nilitaka kumtukana, ila kweli ilikuwa yake. Mie mtoto wa uswahilini, nimeunda kitu cha kupita kwenye nyua za watu, nikakifundisha kona zote, adabu nikasahau.

Gari la pili nimelifunga spika. Sauti nilimwomba yeye airekodi. Alilia kwanza, ndipo akasema.

Namshukuru muuza maji, mbavu zake mpaka leo zinamuuma kwa ajili yangu. Nawashukuru nyie mlionitafutia mota. Na jirani namshukuru, ingawa mkono ukiniuma bado namchukia kidogo. Niliyojifunza ni haya: ukipita kwa watu, bisha. Na wewe mwenye nyumba, uliza kabla hujainua mchi.

Gari nimeliacha nje na maji yenu ya kunywa. Nyamazeni kidogo, mtamsikia jirani.

"Hodi, wenyewe. Ni maji tu."

Haya, mjibuni.