Mzee Thayer Atahoji Saa Nne

Benchi liko nje ya duka la mikate la Pacheco, mjini Fall River, limefungwa mnyororo kwenye nguzo tangu lilipoibwa mara ya pili. Wenyewe ni watatu, na hata Januari hawaingii ndani, kwa sababu ndani Pacheco hataki ubishi. Kuna Kadinali, aliyeendesha gari la maiti miaka ishirini na sita na hajaacha nguo nyeusi mpaka leo. Kuna Profesa, aliyepiga deki shule ya sekondari hadi akastaafu, na kwa kuokota madaftari yaliyotupwa akajiona amesoma. Na kuna Posta, yaani Bi Odília Medeiros, aliyepeleka barua mlango kwa mlango mpaka magoti yakamwambia basi. Jumamosi hiyo Posta alikuja na mjukuu wake Jocelyn, na kahawa yake hakuigusa.

Habari ya Jocelyn ilijulikana benchi zima. Ameomba nafasi kwenye chuo kikubwa cha huko kaskazini, chuo ambacho watoto wa mtaa ule hukiona kwenye fulana tu. Chuo hicho hukutanisha mwombaji na mtu aliyesoma pale zamani anayeishi karibu naye. Wanakaa, wanakunywa kahawa, halafu yule mkubwa anapeleka ripoti. Si lazima, wanasema wenyewe. Profesa alishaapa mara tatu wiki hiyo kwamba hilo la si lazima ni mtego mtupu, na akamfanyisha msichana mazoezi palepale barabarani. Asiseme anapenda kusaidia watu, maana kila mtu husema hivyo. Ataje kitabu alichosoma bila kulazimishwa. Kahawa asiipulize.

— Akikuuliza kwa nini chuo chetu, usimwambie ni kizuri, Profesa alisema. Anajua ni kizuri. Mwambie utakosa nini usipokipata.

— Nitakosa kuondoka hapa.

— Haya, hilo usilitamke mbele ya bibi yako.

Wanaume wakacheka. Jocelyn akatoa mfukoni barua ya mhojaji wake, akawaonyesha kwamba miadi ni saa nne, dukani kwa Pacheco, akaiacha mapajani mwa Kadinali na kuingia ndani kutafuta meza mapema. Kengele ya mlango ikalia, ikanyamaza. Kadinali akasogeza miwani, akasoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena.

— Posta. Everett Thayer huyu ndiye wa nyumba ya mawe kule kilimani?

— Ndiye.

— Dada yangu, huyu nilimbeba mimi. Mwezi wa pili, mwaka huu unatimia wa nne. Tulimzika watu wawili, mimi na mchimba kaburi.

Profesa alikuwa na jibu kabla mwenzake hajafunga mdomo. Barua ilipotea, akasema, ikakwama kwenye mashine za kuchambulia, sasa imetapikwa. Kadinali akamwonyesha jina la Jocelyn na tarehe ya juzi. Profesa hakutetereka. Basi mzee aliziandika kabla hajafa, moja kwa kila mtoto wa shule, tarehe na yote, akamwachia mtu azitume moja moja.

— Wewe hujui hao watu wa vyuo, Kadinali alisema. Nilipomvalisha, pete ya chuo ilikataa kutoka kidoleni. Tulipaka sabuni, tukapaka mafuta. Ikabidi nimzike nayo. Hawa wana orodha. Ukiwa bado umo kwenye orodha, una zamu yako, uwe hai usiwe hai.

— Acha kututisha asubuhi hii, Profesa alisema.

— Sitishi. Nauliza nani alipaswa kumfuta.

— Si watu wa posta? Profesa alisema. Jarida la chuo likirudi limeandikwa amefariki, chuo kinakata jina. Nimewahi kuyaona hayo shuleni.

Wakamgeukia. Posta akaangalia ncha za viatu vyake.

Jarida la chuo lilikuja kila baada ya miezi mitatu. Mzee hakuwa na mtoto, hakuna aliyelipia tangazo la kifo gazetini, na nyumba ilibaki imefungwa huku wapwa wakigombana mahakamani. Kazi yake Posta ilikuwa nyepesi: aandike amefariki, airudishe. Hakuandika. Kwa miaka mitatu, mpaka alipostaafu, aliyasukuma majarida kumi na mawili kwenye tundu la mlango, akasikia kila moja likianguka juu ya wenzake. Hakumwambia mtu. Chuo kilipomwandikia Jocelyn jina la Thayer, alielewa mara moja kosa limetoka wapi, akaona aibu, akanyamaza. Alijipa moyo kwamba mtoto atakaa mezani peke yake, kisha wataandika chuoni kwamba mhojaji hakutokea, wapewe mwingine kabla ya Jumatatu, siku ya mwisho ya ripoti. Ndipo ikaja ile barua, kwa wino wa kijani. Mwandiko ule aliubeba begani miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo hajalala vizuri.

— Saa nne imepita, Profesa alisema. Hajaja mtu. Umeona? Mambo ya mashine tu.

Kadinali alikuwa anatazama kioo cha duka. Mvuke ulikuwa umekifunika, na walichoweza kuona ni sweta jekundu la Jocelyn, na mikono yake inavyopanda na kushuka kama ya mtu anayesimulia kitu anachokipenda. Ng'ambo ya meza palikuwa na kitu cheusi, kirefu, kimetulia.

— Kuna aliyeingia? Kadinali aliuliza kwa sauti ya chini.

— Kengele haijalia tangu Jocelyn aingie, Profesa alisema.

— Hilo ndilo nakuuliza.

Hakuna aliyeinuka kwenda kuchungulia. Wote watatu walikuwa wamekaa hatua mbili kutoka mlangoni, na wote watatu waliogopa, hata Profesa, ambaye alianza kueleza habari ya vivuli na vioo kisha akaiacha katikati.

Saa tano kasoro dakika kumi kengele ikalia. Jocelyn akatoka, mashavu yamewaka, ameshika kikombe kimoja kilichojaa. Akasema imekwenda vizuri kuliko alivyoota. Mzee ni mpole, amesikiliza kila kitu, hakumkatiza hata mara moja. Ila ana baridi, maskini. Alipompa mkono alihisi pete kabla ya kuhisi kidole. Na kahawa hakunywa.

— Amesema nikupe wewe, Vovó, alimwambia bibi yake.

Posta akakipokea. Kikombe cha kahawa moto ya Pacheco kilikuwa kama kimetolewa kwenye theluji.

— Anakujua, Jocelyn aliendelea. Amesema asante kwa majarida, yote kumi na mawili ameyasoma. Lakini kuna jambo moja amelifikiria sana mle ndani, hajalipatia jibu.

— Jambo gani?

— Kwa nini hukuyarudisha?

Kadinali akavua kofia. Profesa akatazama barabarani. Posta akakumbuka mzee akimsubiri kizingitini kila saa tano, akipokea barua kwa mikono miwili, akisema asante, Bi Medeiros, jina kamili, mtu pekee mtaa ule wa nyumba za mawe aliyelijua.

— Ripoti yangu iko tayari, Jocelyn alisema. Amesema ataisaini ukishamwambia. Yumo ndani, anakusubiri.

Posta akamtazama mjukuu wake, uso ule uliojaa furaha na safari. Akainuka kwa magoti yake mabovu, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaingia dukani, na kengele haikulia.