Bi. Brigita Ndunguru: Miaka Thelathini na Minne kwenye Chumba cha Ultrasaundi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Brigita Ndunguru anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Wengi hapa Songea aliwaona kabla hawajazaliwa, kwa kuwa alianza kwa kupima wajawazito. Hadi leo akipita mtaa wa Majengo huwaita wanaume wenye ndevu "watoto wangu", nao huitika.

Mwaka 2016 alirudi kutoka masomoni na ujuzi mpya: kupima ugumu wa mishipa ya damu kwa ultrasaundi, bila sindano wala kisu. Hupima mapigo shingoni, kisha kwenye kinena, halafu hukokotoa yamesafiri kwa kasi gani. Mshipa ukikakamaa, mapigo hukimbia zaidi. Mgonjwa ana kazi moja tu, kulala ametulia, na hiyo ndiyo huwashinda watu wetu.

Pankrasi Mbano, mkulima wa Madaba, alikuwa ameshapimwa shingoni wakati daktari mmoja mzee alipoingia. Pankrasi akainuka kumwamkia, zikafuata habari za nyumbani na za mahindi. Bi. Brigita akamalizia kinena bila kukumbuka kwamba moyo umeshabadili mwendo na vipimo viwili havilingani tena. Majibu yakasema mishipa imekakamaa vibaya. Pankrasi akarudi kwake, akaweka jembe chini, akaanza kuwagawia watoto mashamba.

Wiki tatu baadaye Bi. Brigita aliliona kosa kwenye kumbukumbu za mashine. Angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyejua. Alitumia siku yake ya mapumziko kupanda basi hadi Madaba, akamwambia mbele ya mkewe na watoto: "Ndugu yangu, mishipa yako bado siijui ilivyo. Kosa ni langu. Naomba nikupime upya."

Kipimo cha pili kilikuwa cha kawaida kwa umri wake. Watoto walirudisha mashamba, mmoja kwa kununa.

Jumatatu alieleza yote kwenye kikao cha asubuhi, akafungua daftari la makosa ya idara na kuandika la kwanza, lake. Mlangoni akabandika karatasi: salamu baada ya kipimo. Hata Mganga Mkuu ameshasubiri pale dakika kumi, mikono mfukoni.

Daftari lile sasa lina makosa kumi na saba, kila moja na sahihi ya mwenyewe, na wagonjwa wote kumi na saba waliitwa wakapimwa tena. Tunajivunia daftari hilo kuliko mashine. Kosa la nne ni langu, na nisingethubutu kuliandika kama jina lake lisingekuwa juu ya langu.

Asante kwa mstari ule wa kwanza, Dada Brigita. Tunakuombea miaka mingi ya raha huko kwako Mjimwema.